Hiyo jezi ya XXL usiipeleke kwa fundi

Jezi pana na za bei ya kutupa zimejaa kwenye mitumba ya Nyeri, Karatina na Nanyuki. Ukijua kuzisoma, utaanza mkusanyiko wa maana bila kugusa pesa ya kodi.

KILA soko la mitumba lina rundo ambalo watu huliruka. Liko pembeni, juu ya turubai, na muuzaji hata halipigii kelele. Ukiinama ukapekua, unakutana na jezi za mpira. Moja ina jina la mzungu usiyemjua mgongoni. Nyingine ni ya timu iliyoshuka daraja zamani. Na nyingi ni pana hivi kwamba mnaweza kuingia wawili na bado mkabaki na nafasi ya kupumua.

Iwe ni Karatina siku ya soko, Mudavadi pale Nyeri mjini, Chaka ukielekea Nanyuki au Nanyuki kwenyewe, rundo hilo halikosekani. Wewe umepita hapo mara ngapi ukitafuta jinzi au hudi? Wiki hii simama kidogo. Kwa pesa ya chapati na madondo unaweza kuondoka na kipande cha historia ya michezo, mradi ujue unachokishika.

Kamera huisha asubuhi

Muuzaji akikata kamba za robota la kilo 45, wanaowahi huchukua kamera, yaani nguo safi ambazo ni kama mpya. Jezi nazo zina kamera zake: Arsenal, Man U, Chelsea au Barcelona, saizi ya S hadi L, za misimu ya juzi juzi. Hizo huondoka mapema, na nyingi hununuliwa na wanaokwenda kuziposti mtandaoni na kuziuza tena kwa bei mara mbili au tatu. Zinazobaki hadi jioni ni fagia.

Kwenye fagia utapata aina nne za jezi. Kuna za XL, XXL na zaidi, zilizoshonewa miili ya Ulaya na Marekani. Kuna za klabu ndogo ambazo hazionyeshwi kwenye skrini za mtaani. Kuna zilizochapishwa jina la mwenyewe, si la mchezaji: mtu alilipia duka huko Uingereza limwandikie "DAVE 10" siku ya bathdei yake, na sasa Dave hana habari kwamba amefika Mathira. Halafu kuna fulana za mbio na mashindano ambazo hata jezi si jezi.

Ukishindania kamera na wenye pesa, utashindwa. Kwenye fagia hakuna anayekusukuma, na muda wa kuangalia unao. Mkusanyiko wa mtu asiye na mshahara unaanzia hapo.

Wamarekani na kadi zao

Huko Marekani, wengi wanaokusanya vitu vya michezo huanza na kadi: kipande cha karatasi ngumu chenye picha ya mchezaji mbele na takwimu zake nyuma. Mwezi Agosti 2022, kadi moja ya Mickey Mantle, mchezaji wa besiboli, iliyochapishwa na kampuni ya Topps mwaka 1952, iliuzwa kwa dola milioni 12.6. Lakini kadi za toleo hilo zilikuwa fagia. Masanduku yaliyokosa mnunuzi yalikaa kwenye ghala la kampuni hadi 1960, yakapakiwa kwenye chombo na kumwagwa baharini karibu na New York.

Kuna pia kadi zilizozidi kimo. Msimu wa 1969/70, Topps walichapisha kadi za mpira wa vikapu zenye urefu wa karibu sentimita 12, ilhali za kawaida hazifiki hata 9. Kadi kama hiyo haitoshei kwenye albamu ya kawaida, na pembe zake huumia haraka. Hata hivyo, ni katika toleo hilo lenye usumbufu ambapo Kareem Abdul-Jabbar alipata kadi yake ya kwanza, akiitwa bado Lew Alcindor. Leo wanaopenda vikapu wanaitafuta kwa tochi.

Usikimbilie kuhesabu mamilioni, ingawa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, Wamarekani wengi walinunua kadi na kuziweka kabatini wakidhani zitawasomeshea watoto. Kampuni nazo zikachapisha bila breki. Kwa kuwa kila mtu alitunza, hakuna kilichoadimika, na kadi nyingi za wakati huo leo hazinunui hata soda. Kwa hivyo kama nia yako ni kuomoka, tafuta biashara nyingine. Ukusanye kwa sababu unataka kujua na kutunza. Faida ikija, ni bonasi.

Sisi hapa mlimani hatuna maduka ya kadi kila mtaa. Tuna mitumba. Jezi inaweza kutufanyia kazi ile ile: ina timu, msimu, mdhamini na wakati mwingine mchezaji. Lazima tu ujue kuisoma.

Soma kifua kabla ya kuuliza bei

Jezi haina mwaka ulioandikwa kwa herufi kubwa, lakini ina majina mawili yanayokutajia mwaka: la mdhamini kifuani na la kampuni iliyoitengeneza. Moja peke yake halitoshi. Yaweke pamoja.

Chukua Man U. Vodafone walikuwa kifuani kuanzia 2000 hadi 2006. Umbro waliwatengenezea jezi hadi 2002, kisha Nike wakachukua. Kwa hivyo ukiona Vodafone na Umbro pamoja, hiyo ni ya 2000 hadi 2002 tu. Vodafone na Nike ni 2002 hadi 2006. AIG ni 2006 hadi 2010, Aon ni 2010 hadi 2014.

Arsenal nao: O2 ni 2002 hadi 2006, na ndani yake kuna ule msimu wa 2003/04 ambao hawakupoteza mechi hata moja ya ligi. Kuanzia 2006 ni Emirates, kwa hivyo hapo unaangalia mtengenezaji: Nike hadi 2014, Puma hadi 2019, kisha adidas.

Liverpool yenye Carlsberg na Reebok ni ya kati ya 1996 na 2006. Usiku wa Istanbul wa Mei 2005, walipotoka nyuma 3-0 dhidi ya AC Milan na kutwaa kombe, uko humo.

Chelsea ndiyo tamu zaidi kwa mpelelezi. Samsung Mobile walianza kudhamini 2005, na Umbro wakaondoka 2006. Jezi yenye majina hayo mawili ni ya msimu mmoja tu, 2005/06, ambao Chelsea walichukua ligi kwa mara ya pili mfululizo chini ya Mourinho. Mtu asiyejua ataona jezi kuukuu ya bluu. Wewe utaona msimu mzima.

Ukizoea hesabu hii, utaanza kuifanya ukiwa umesimama, bila hata kutoa simu mfukoni.

Lebo ndogo ubavuni

Sasa geuza jezi. Ndani, kwenye mshono wa ubavu, kuna vilebo vyeupe vya maelezo ya kufua. Wengi huvikata kwa sababu vinawasha. Mkusanyaji havigusi, kwa sababu ushahidi uko hapo.

Jezi nyingi za Nike za miaka ya 2000 na 2010 zina namba ya tarakimu sita, kistari, kisha tatu. Adidas wana kodi yao fupi ya herufi na tarakimu. Andika kodi hiyo kwenye Google. Ikileta picha ya jezi unayoishika, uko sawa. Ikileta kiatu, suruali au jezi ya timu nyingine, umeshika feki. Isipoleta chochote, usikate tamaa mara moja: za zamani zaidi mara nyingi hazina kodi. Angalia basi ushonaji wa nembo, unene wa kitambaa, na kama maandishi yamepasuka kwa uzee au yanang'aa kama ya jana. Siku hizi kuna jezi za "retro" zinazotengenezwa zikiwa mpya kabisa. Si kosa kuvaa moja. Kosa ni kuuziwa kama ya 2004 na ilishonwa mwaka jana.

Na hapo ndipo fundi anaingia. Ukinunua XXL, wazo la kwanza ni kumpelekea fundi wa cherehani aibane. Fundi atafanya kazi yake vizuri: atageuza jezi, apige mstari mpya ubavuni, akate kitambaa kilichozidi. Na kile kilebo chenye kodi kinaondoka na kitambaa hicho, kinaishia kwenye kapu la vipande. Umebaki na fulana inayokukaa vizuri, lakini haiwezi tena kuthibitisha ni nini. Mistari ya ubavuni imekatika, nembo imesogea, na hakuna fundi wa kurudisha kilichokatwa.

Bahati nzuri mtindo uko upande wako. Vijana wa Nyeri na Nanyuki sasa wanavaa nguo pana makusudi. Ivae ilivyo juu ya sweta. Baridi ya Nyeri ya Julai inajua kazi yake. Au itundike ukutani. Kama ni lazima ubane kitu, bana ile ya pili yenye tundu, iliyokwisha kupoteza lebo.

Tena, huo msimu wa baridi ni wa kuwinda. Kuanzia Juni hadi Agosti mteja anaulizia jaketi na maboshori, si nguo ya mikono mifupi. Muuzaji atafurahi kupunguza jezi wakati huo.

Tafuta majina ya kwetu

Mkusanyiko mzuri una mada. Usiokote kila kitu, maana chumba cha hosteli hakina nafasi na soko haliishi. Mada moja nzuri kwa kijana wa huku ni hii: jezi zilizotoka nje lakini zina Mkenya ndani yake.

Anza na Celtic. Victor Wanyama alivaa namba 67 huko, namba ya kuenzi kikosi kilichotwaa Kombe la Ulaya mwaka 1967. Tarehe 7 Novemba 2012 alifunga kwa kichwa Celtic walipowapiga Barcelona 2-1. Jezi za Celtic za wakati huo zina Nike na Tennent's kifuani. Hata isiyo na jina lake inahesabika, kwa kuwa ndiyo iliyovaliwa msimu huo. Baadaye alihamia Southampton, kisha Tottenham, na hizo pia hutua kwenye mitumba. Kaka yake, McDonald Mariga, alikuwa Inter Milan ilipotwaa Ligi ya Mabingwa 2010. Tafuta mistari ya bluu na nyeusi yenye Pirelli. Dennis Oliech alipita Nantes, Auxerre na Ajaccio huko Ufaransa, klabu ambazo hakuna atakayekushindania.

Halafu kuna Everton yenye SportPesa. Huyo ni mdhamini aliyejipatia jina hapa Kenya akaenda kukaa kifuani mwa klabu ya Ligi Kuu ya Uingereza kuanzia 2017. Mwezi Julai mwaka huo Everton walicheza na Gor Mahia jijini Dar es Salaam, Wayne Rooney akafunga bao la mbali, wakashinda 2-1. Mkataba huo ulikatizwa 2020. Ukikuta saizi ndogo isiyo na jina hilo, usidhani ni feki: jezi za watoto huko haziruhusiwi kubeba nembo za kamari.

Lakini kwa mtu wa Nyeri, fagia tamu kuliko zote pengine hata si ya mpira. Kwenye marobota ya Marekani hutokea fulana za marathon, za wakimbiaji wa kawaida na wa kujitolea. Ni pana, zimejaa majina ya wadhamini mgongoni, na mara nyingi huishia kuvaliwa shambani. Sasa angalia mwaka. Boston 2000, 2001, 2004 na 2005: mshindi wa wanawake ni Catherine Ndereba, mzaliwa wa Nyeri aliyesomea Sekondari ya Ngorano. Chicago 2001, iliyokuwa na jina la benki ya LaSalle: Ndereba huyo huyo alikimbia kwa saa 2:18:47, rekodi ya dunia wakati huo. Chicago 2009 na 2010, zenye jina la Bank of America: mshindi wa wanaume ni Samuel Wanjiru wa Nyahururu, yule wa dhahabu ya Olimpiki ya Beijing 2008.

Fikiria fulana hiyo. Ilitolewa Chicago siku binti wa Nyeri alipovunja rekodi ya dunia, ikavaliwa na mtu asiyemjua, ikatupwa, ikafungwa kwenye robota, ikavuka bahari, ikarudi hadi kwao Ndereba, na inauzwa bei ya kitambaa cha kupangusia meza. Nani ataitambua kama si wewe?

Muuzaji si adui

Kuna tabia moja mbaya ya wakusanyaji: kujifanya mjanja. Unajua jezi ni nzuri, unaikunja uso, unaikosoa, unambana mathe hadi anauza kwa hasara. Kumbuka yeye alinunua robota likiwa limefungwa. Hakujua kilichomo. Likifunguka na kukuta nusu yake haiuziki, hasara ni yake peke yake, na siku ya soko ushuru unalipwa hata mvua ikinyesha.

Msalimie kwanza. "Mathe, habari ya kazi? Jezi ziko leo?" Akikutajia bei, punguza kidogo kwa heshima, na ukizidi kununua mwachie salio dogo. Mwambie unachotafuta: "Mimi nachukua zile kubwa, na zile zenye maandishi ya marathon." Ukirudi mara mbili tatu atakukumbuka, ataanza kukuwekea chini ya meza. Hakuna apu inayoshinda hiyo.

Nyumbani, ifue ndani ikiwa nje, kwa maji baridi na sabuni ya kawaida. Jik usiisogeze karibu. Ianike kivulini, kwa sababu jua hupasua maandishi, na pasi isiguse namba wala nembo. Kisha chukua daftari la kawaida uandike: tarehe, soko, bei, saizi, kodi ya lebo, na kile ulichogundua kuihusu. Jezi ishirini bila daftari ni nguo nyingi. Jezi tano zenye daftari ni mkusanyiko.

Zile ambazo haziji na robota

Kuna jezi ambazo hutazipata kwenye rundo la Karatina hata ukikesha, nazo ni zetu wenyewe. Mitumba hutuletea kumbukumbu za watu wengine kwa kilo. Za kwetu hakuna anayetuletea.

Unaikumbuka Mount Kenya United? Nakumatt FC walibadilisha jina wakawa hao mwaka 2018, wakacheza Ligi Kuu msimu wa 2018/19, na kufikia katikati ya 2019 safari yao huko ilikuwa imekwisha. Timu yenye jina la mlima wetu, msimu mmoja tu. Jezi zake ziko wapi? Thika United nao walikuwa Ligi Kuu hadi walipoteremka 2018. Mtu fulani Makongeni huenda anapigia gari dasta kwa jezi yao wakati huu. Leo Murang'a SEAL wamo Ligi Kuu tangu walipopanda 2023, wanachezea St Sebastian Park, na ni nani anayeweka jezi ya kila msimu?

Shuka ngazi zaidi. Timu ya shule yako ilipofika mashindano ya kaunti. Timu ya mtaa iliyovaa jezi za Chapa Dimba. Ile jezi ya njano yenye picha ya mwanasiasa aliyedhamini kombe la kijiji Ruring'u au Kieni, kisha akapoteza kiti. Hizo zilichapishwa ishirini au thelathini, hazina kodi ya Nike, hazina bei mtandaoni, na zinaisha moja moja zikifungia mifuko ya viazi. Za Man U za Vodafone zilitengenezwa kwa maelfu mengi, na dunia nzima inazitunza. Ya timu ya mtaani kwenu ikipotea, imepotea kabisa.

Kwa hivyo Jumamosi ukienda sokoni, beba soo tatu, nusu kwa fagia. Nusu nyingine mpe yule jamaa aliyekuwa golikipa wa kwenu, umwombe ile jezi yake ya zamani kabla mama yake hajaifanya matambara. Muulize ni ya mwaka gani, walicheza na nani, nani alifunga. Andika yote kwenye daftari, na jina lake pia. Na ikiwa ni ya XXL, unajua la kufanya.